Hesabu za Moli na Kampaundi za Kaboni: Mwongozo kwa Mtahiniwa wa Kemia

Karatasi ya kwanza na karatasi ya pili za Kemia katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, zina alama 80 kila moja, na kila moja hufanywa kwa saa mbili, kwa hivyo mtahiniwa ana dakika moja na nusu kwa kila alama anayoitafuta. Muda huo unamtosha anayejua pa kuanzia. Asiyejua huumaliza akilikodolea macho swali la moli au mchoro wa kampaundi za kaboni, kisha hurukia swali jingine akiwa amekwisha kupoteza na utulivu. Wanafunzi wengi ninaowafundisha hapa Kisumu huzichukua mada hizi mbili kana kwamba hazina ukoo: ya kwanza huiita ya hesabu, ya pili huiita ya kukariri. Mwongozo huu unazishika pamoja, kwa sababu kazi inayofanywa ndani yake ni moja, nayo ni kufuatilia idadi ya atomu tangu zinapoingia katika mmenyuko hadi zinapotoka. Atomu ya kaboni iliyoingia ni lazima ionekane mahali fulani mwishoni, na mtahiniwa anayeitafuta hapotei njia hata pale kumbukumbu inapomtupa mkono.

Kila namba igeuzwe kuwa moli kwanza

Moli ni idadi ya chembe, yaani chembe 6.02 × 10²³, ziwe atomu, molekuli au ayoni. Ukiweka mezani mayai thelathini ya kuku na mayai thelathini ya kware, idadi ni sawa lakini mizani haitayasoma sawa. Vivyo hivyo moli moja ya kaboni ina gramu 12 na moli moja ya kalsiamu ina gramu 40, ilhali atomu ni nyingi sawasawa. Mlinganyo wa kemikali huzungumzia idadi. Hausemi lolote kuhusu gramu, wala lita za gesi, wala sentimita za ujazo za asidi. Kwa hiyo kabla ya kuugusa uwiano ulioko katika mlinganyo, kila namba uliyopewa sharti igeuzwe kuwa moli, na baada ya kuvuka uwiano huo ndipo unaporudi kwenye gramu au lita zilizoulizwa.

Njia za kuzifikia moli ni tatu, na zinatosha kwa karibu kila swali. Ukipewa masi ya kitu kigumu, igawanye kwa masi ya moli moja. Ukipewa ujazo wa gesi, ugawanye kwa ujazo wa moli moja ya gesi, ambao karatasi yenyewe hukutajia: lita 24 katika halijoto na shinikizo la chumba, au lita 22.4 katika halijoto na shinikizo sanifu. Ukipewa myeyusho, zidisha ukolezi wake kwa ujazo wake katika lita, na kama ujazo uko katika sentimita za ujazo, ugawanye kwanza kwa 1000. Wako wanaofundishwa kuchora pembetatu yenye herufi tatu na kufunika ile wanayoitafuta kwa kidole. Siipendi pembetatu hiyo, kwa kuwa mwanafunzi akiisahau hana pa kushika, ilhali vipimo vyenyewe humwelekeza: gramu zikigawanywa kwa gramu za kila moli hubakiza moli, na moli za kila lita zikizidishwa kwa lita hubakiza moli pia.

Tuchukue mfano wa karibu. Huko Koru, kwenye barabara ya kutoka Muhoroni kupanda milimani, huchimbwa mawe ya chokaa ambayo huchomwa ili kupata chokaa. Tuseme mtahini ameandika hivi: gramu 5.0 za mawe ya chokaa yasiyo safi zilitiwa asidi ya haidrokloriki ya ziada, na gesi iliyokusanywa ilikuwa lita 1.08 katika halijoto na shinikizo la chumba. Takataka zilizomo hazimenyuki na asidi. Tafuta asilimia ya kabonati ya kalsiamu katika mawe hayo. (Ca = 40, C = 12, O = 16; ujazo wa moli moja ya gesi = lita 24.)

Anza kwa mlinganyo, uusawazishe, kisha uuache juu ya ukurasa pale unapouona:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Mwanafunzi mwenye haraka huona gramu 5.0 na kuzigawanya kwa 100, ambayo ni masi ya moli moja ya CaCO₃. Hilo ndilo kosa ambalo swali limetegwa kulinasa, kwani gramu 5.0 si za kabonati tupu. Ni za kabonati na takataka zake. Namba ya kuaminika ni ile ya gesi, kwa sababu gesi yote imetoka kwenye kabonati peke yake.

Moli za CO₂ = 1.08 ÷ 24 = 0.045
Uwiano wa CaCO₃ kwa CO₂ ni 1 : 1, kwa hiyo moli za CaCO₃ = 0.045
Masi ya CaCO₃ = 0.045 × 100 = gramu 4.5
Asilimia = (4.5 ÷ 5.0) × 100 = 90%

Andika kila mstari kwa jina la kitu unachokihesabu. «0.045» iliyosimama peke yake haimwambii mtahini chochote, na wewe mwenyewe ukiirudia dakika tano baadaye hutajua kama ni ya gesi au ya jiwe. Alama hutolewa kwa hatua, kwa hivyo hata ukikosea kwenye kikokotoo mstari wa mwisho, hatua zilizosomeka zinaweza kukulipa.

Kuhusu hizo lita 24, kuna jambo ambalo halitaulizwa lakini linafaa kujulikana na anayeishi mahali petu. Thamani hiyo ni ya shinikizo la usawa wa bahari. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya bahari na Nakuru takriban mita 1,850, na hewa hupungua shinikizo kadiri unavyopanda, hivyo moli moja ya gesi katika maabara ya Nakuru hujaza karibu lita 30. Mwanafunzi makini anayepima gesi kwa bomba la sindano na kupata ujazo mkubwa kuliko alioukokotoa si lazima awe amekosea. Hata hivyo, katika karatasi tumia namba iliyochapishwa kwenye karatasi.

Kitendanishi kinachokwisha kwanza

Swali likitaja kiasi cha vitendanishi viwili, limekuuliza jambo la ziada bila kulisema: ni kipi kitakachokwisha kwanza? Neno «ziada» likitajwa kwa kimoja, kazi hiyo umeshafanyiwa. Lisipotajwa, ifanye mwenyewe. Chukua gramu 2.4 za magnesiamu na sentimita za ujazo 100 za asidi ya haidrokloriki yenye ukolezi wa 1.5 M, yaani moli 1.5 kwa kila lita.

Mg + 2HCl → MgCl₂ + H₂

Magnesiamu ni 2.4 ÷ 24 = moli 0.1. Asidi ni 1.5 × 0.1 = moli 0.15. Ukilinganisha 0.1 na 0.15 kwa macho utasema magnesiamu ndiyo chache, na utakuwa umekosea, kwa sababu kila moli ya magnesiamu inadai moli mbili za asidi, moli 0.1 zingehitaji moli 0.2 za asidi, nazo hazipo. Asidi ndiyo inayokwisha. Haidrojeni itakayopatikana ni nusu ya 0.15, yaani moli 0.075, ambazo ni lita 1.8, na magnesiamu itakayobaki chini ya chombo ni moli 0.1 − 0.075 = 0.025, yaani gramu 0.6. Kuanzia hapo, kila kinachoulizwa kuhusu zao hukokotolewa kutokana na asidi, wala si kutokana na magnesiamu.

Titresheni, na kumi inayosahaulika

Karatasi ya tatu, ile ya maabara, ina alama 40 kwa saa mbili na robo, na sehemu kubwa ya alama hizo hupatikana kwenye bureti, lile bomba lenye vipimo linalotumika katika titresheni, yaani kupima ujazo wa myeyusho mmoja unaotosha kumenyuka na mwingine. Hesabu za titresheni hurudi vilevile katika karatasi ya pili bila vyombo. Ningependa kukaa hapa kidogo, kwa kuwa ndipo ninapoona alama nyingi zikimwagika bila sababu.

Swali: gramu 7.15 za fuwele za kabonati ya sodiamu, Na₂CO₃·xH₂O, ziliyeyushwa katika maji na myeyusho ukafikishwa sentimita za ujazo 250. Sentimita za ujazo 25.0 za myeyusho huo zilihitaji sentimita za ujazo 25.0 za asidi ya haidrokloriki ya 0.2 M ili kumenyuka kikamilifu. Tafuta x. (Na = 23, C = 12, O = 16, H = 1.)

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Moli za HCl = 0.2 × 25.0 ÷ 1000 = 0.005
Moli za Na₂CO₃ katika cm³ 25.0 = 0.005 ÷ 2 = 0.0025
Moli za Na₂CO₃ katika cm³ 250 = 0.0025 × 10 = 0.025
Masi ya moli moja ya fuwele = 7.15 ÷ 0.025 = 286
106 + 18x = 286, hivyo x = 10

Mstari wa tatu ndio unaosahaulika. Fuwele za gramu 7.15 ziliyeyushwa katika myeyusho wote wa sentimita 250, lakini pipeti, bomba la kuchotea ujazo maalumu, ilichota sehemu moja ya kumi tu. Mwanafunzi anayegawanya 7.15 kwa 0.0025 hupata masi ya 2860, kisha hupata x kuwa 153, na bila kushtuka huandika kwamba kila kipande cha kabonati kimebeba molekuli 153 za maji. Jibu la namna hiyo linapaswa kumrudisha mwenyewe nyuma kabla ya kalamu kukauka. Maji ya fuwele katika chumvi za mtaala wetu ni machache: 10 kwa kabonati ya sodiamu, 7 kwa salfati ya chuma(II), 5 kwa salfati ya shaba(II). Zaidi ya hayo, x ikija kama 9.8 au 10.1 katika data halisi ya maabara, iandike kuwa namba kamili iliyo karibu. Ikija kama 4.5, usiifinyange iwe 5. Rudi utafute ulipoteleza.

Kazi ya mkono nayo hufuata mantiki ile ile ya moli. Pipeti na bureti husuuzwa kwa myeyusho utakaopimwa ndani yake, kwani matone ya maji yaliyobaki humo yangeupunguzia ukolezi. Chupa ya koni husuuzwa kwa maji yaliyotoneshwa peke yake, na wala haidhuru ikibaki na maji, kwa sababu maji hayaongezi wala hayapunguzi moli zilizotoka kwenye pipeti. Ukiisuuza kwa myeyusho wa kabonati, umeongeza moli usizozihesabu. Kiashirio, yaani rangi inayoonyesha kwamba mmenyuko umekamilika, nacho kina maana yake. Kwa kabonati ya sodiamu na asidi ya haidrokloriki hutumiwa methili ya chungwa, ambayo hugeuka kutoka manjano hadi rangi ya chungwa au waridi. Ukitumia fenolfthalini, rangi yake hutoweka kabonati inapokuwa imefika tu kwenye haidrojenikabonati, yaani nusu ya safari, na uwiano wako huwa 1 : 1 badala ya 1 : 2. Soma bureti kwa kiwango kimoja cha desimali katika jedwali lote, na ukitumia tarakimu mbili baada ya nukta, ya pili iwe 0 au 5, kwa kuwa bureti ya shule haisomeki kwa undani zaidi ya hapo.

Gesi kwa gesi

Pale ambapo vitu vyote vinavyohusika ni gesi zilizopimwa katika halijoto na shinikizo moja, huhitaji hata kugawanya kwa 24. Uwiano wa ujazo ni uwiano wa moli, jambo ambalo Amedeo Avogadro alilieleza mwaka 1811. Sentimita za ujazo 20 za haidrokaboni (kampaundi ya kaboni na haidrojeni pekee) zilichomwa katika sentimita 150 za oksijeni, na baada ya kupoa zikabaki sentimita 110 za gesi, ambazo zilishuka hadi 50 zilipopitishwa katika haidroksaidi ya potasiamu. Zilizomezwa, 60, ni kaboni dayoksaidi. Zilizobaki, 50, ni oksijeni isiyotumika, hivyo iliyotumika ni 100. Uwiano ni 20 : 60 : 100, yaani 1 : 3 : 5. Kaboni ni tatu. Oksijeni tano zina atomu kumi. Sita zimeingia katika CO₂ tatu, nne zimeingia katika H₂O nne, na H₂O nne zina haidrojeni nane. Kampaundi ni C₃H₈, propani, mojawapo ya gesi zilizomo katika mitungi ya kupikia.

Kampaundi K: hesabu inapoingia katika kaboni

Sasa tazama swali linaloanza kwa mizani na kuishia kwa muundo wa molekuli. Kampaundi K ina kaboni, haidrojeni na oksijeni pekee. Gramu 3.7 za K zilipochomwa kabisa zilitoa gramu 6.6 za kaboni dayoksaidi na gramu 2.7 za maji. Masi ya moli moja ya K ni gramu 74. K ikitiwa katika myeyusho wa kabonati ya sodiamu hutoa mapovu ya gesi isiyo na rangi. Itambue K.

Kaboni yote ya K sasa iko katika CO₂, na haidrojeni yote iko katika maji. Oksijeni haiwezi kutafutwa kwa njia hiyo, kwa kuwa sehemu ya oksijeni iliyomo katika mazao imetoka hewani. Hupatikana kwa kutoa.

Moli za CO₂ = 6.6 ÷ 44 = 0.15, hivyo moli za C = 0.15, masi = gramu 1.8
Moli za H₂O = 2.7 ÷ 18 = 0.15, hivyo moli za H = 0.30, masi = gramu 0.3
Masi ya O = 3.7 − (1.8 + 0.3) = gramu 1.6, hivyo moli za O = 0.10

Gawanya kwa namba ndogo kuliko zote, 0.10: C 1.5, H 3, O 1. Hapa mkono huwasha kuandika 1.5 kuwa 2, na fomyula ikawa C₂H₃O. Usikubali. Namba kama 1.5 haiko karibu na namba kamili yoyote. Zidisha namba zote tatu kwa 2. Ikiwa ni 1.33 zidisha kwa 3, na ikiwa ni 1.25 zidisha kwa 4. Kukadiria kunaruhusiwa pale tu ambapo umepata kitu kama 1.98 au 3.02. Uwiano wetu basi ni 3 : 6 : 2, fomyula sahili ni C₃H₆O₂, na masi yake ni 36 + 6 + 32 = 74, sawa na iliyotajwa, kwa hivyo fomyula ya molekuli ni hiyo hiyo.

Fomyula hiyo ina miundo kadhaa inayoibeba. Mitatu ambayo mtaala unatarajia uifikirie ni asidi ya propanoiki, CH₃CH₂COOH, na esta mbili, yaani kampaundi zinazotokana na asidi na alkanoli kama ethanoli: methili ethanoeti, CH₃COOCH₃, na ethili methanoeti, HCOOCH₂CH₃. Mizani haiwezi kuzitenganisha, maana atomu ni zile zile. Kinachozitenganisha ni tabia. Esta haitoi mapovu ikikutana na kabonati. K inatoa, hivyo K ni asidi ya propanoiki. Na ukiulizwa ujazo wa gesi hiyo kutokana na gramu 3.7 za K katika kabonati ya ziada, unarudi kwenye hesabu ile ile:

2CH₃CH₂COOH + Na₂CO₃ → 2CH₃CH₂COONa + H₂O + CO₂

Moli 0.05 za asidi hutoa moli 0.025 za gesi, ambazo ni sentimita za ujazo 600 katika halijoto na shinikizo la chumba.

Jina nalo lina mtego wake. Wanafunzi huhesabu kaboni za «mkia», CH₃CH₂, huziona mbili, na kuiita asidi ya ethanoiki. Kaboni iliyo ndani ya COOH huhesabiwa, tena ndiyo namba moja. Katika alkeni, yaani haidrokaboni yenye bondi maradufu kati ya kaboni mbili, bondi hiyo ndiyo inayopewa namba ndogo kabla ya tawi: CH₃CH(CH₃)CH=CH₂ ni 3-methilibut-1-ini, na anayeanza kuhesabu kutoka kushoto kwa sababu ndiko anakoanzia kusoma huipa jina lisilokuwepo.

Mchoro wa mishale

Swali la mchoro wa mishale, yaani visanduku vya kampaundi vilivyounganishwa kwa mishale ya mimenyuko, ndilo linaloogopwa zaidi, na nadhani linaogopwa kupita kiasi. Huna haja ya kulianza kutoka kushoto. Tafuta kisanduku kimoja ambacho hakina shaka, kwa mfano kilichotajwa kwa jina au kinachotoa mapovu na kabonati, kisha tembea mbele na nyuma kutoka hapo. Kwenye kila mshale jiulize mambo mawili: je, idadi ya kaboni imebadilika, na je, ni kundi tendaji gani (kama OH au COOH) limeingia au limetoka?

Weka K katikati. Iliyoizaa K kwa kuoksidishwa na manganeti(VII) ya potasiamu yenye asidi ni alkanoli ya kaboni tatu ambayo kundi lake la OH liko mwishoni, yaani propan-1-oli. Rangi ya zambarau hutoweka. Kama kilichotumika ni dikromati(VI) ya potasiamu, rangi ya chungwa hugeuka kijani. Propan-1-oli hiyo hiyo ikipashwa moto pamoja na asidi kolevu ya salfyuriki, takriban nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi, hupoteza maji na kuwa propini yenye bondi maradufu. Kaboni bado ni tatu. Propini ikikutana na bromidi ya haidrojeni hutoa hasa 2-bromopropani, kwani haidrojeni hujiunga na kaboni ambayo tayari ina haidrojeni nyingi zaidi. Propini nyingi zikiungana hutoa polima, na masi ya polima ikitajwa kuwa 84,000, idadi ya vipande ni 84,000 ÷ 42 = 2,000.

Rudi kwa K na ushuke upande wa pili. Haidroksaidi ya sodiamu huigeuza kuwa chumvi, CH₃CH₂COONa. Chumvi hiyo kavu ikipashwa moto pamoja na chokaa-soda (mchanganyiko wa haidroksaidi ya sodiamu na chokaa) hutoa gesi ambayo haibadilishi maji ya bromini gizani:

CH₃CH₂COONa + NaOH → C₂H₆ + Na₂CO₃

Watahiniwa wengi huandika propani hapa, kwa kuwa walianza na kaboni tatu. Hesabu: kaboni mbili ziko katika ethani, na ya tatu imo katika Na₂CO₃. Haijapotea, imehamia kwenye kabonati. Mshale huu ndio katika mtaala unaopunguza kaboni moja, na mtahini anaupenda kwa sababu hiyo. Kwa upande mwingine, K ikipashwa moto na ethanoli pamoja na matone ya asidi kolevu ya salfyuriki, kaboni huongezeka hadi tano, na zao ni ethili propanoeti yenye harufu ya matunda. Masi yake huthibitisha muundo: 74 + 46 − 18 = 102, ile 18 ikiwa molekuli moja ya maji iliyotoka.

Ukiombwa kutofautisha kampaundi kwa majaribio, chagua jaribio ambalo vitu viwili havitalijibu sawa. Manganeti(VII) yenye asidi hupoteza rangi kwa alkeni na kwa ethanoli pia, hivyo haikusaidii kuzitenganisha hizo mbili. Maji ya bromini yanakusaidia, kwani ethanoli huyaacha na rangi yake. Andika kinachoonekana katika pande zote mbili, si upande mmoja. «Rangi ya manjano inatoweka» ni uchunguzi, ilhali «kuna bondi maradufu» ni hitimisho, na kila kimoja kina mahali pake. Tena usiandike «angavu» unapomaanisha «isiyo na rangi»: myeyusho wa salfati ya shaba(II) ni angavu na bado ni wa buluu.

Swali la kujipima

Muhoroni ni mahali ambapo molasi kutoka viwanda vya sukari hugeuzwa kuwa ethanoli kwa nguvu ya hamira, na swali la aina hii linakutana na kila kilichosemwa hapo juu. Molasi iliyo na kilo 3.42 za sukari, C₁₂H₂₂O₁₁, ilichachushwa. Kilo 1.38 za ethanoli zikapatikana. Tafuta asilimia ya mavuno, na ujazo wa kaboni dayoksaidi iliyotoka katika halijoto na shinikizo la chumba.

C₁₂H₂₂O₁₁ + H₂O → 2C₆H₁₂O₆
C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂

Geuza kilo kuwa gramu kwanza. Moli za sukari ni 3420 ÷ 342 = 10. Kila moli huzaa moli mbili za C₆H₁₂O₆, na kila moja ya hizo huzaa moli mbili za ethanoli, kwa hiyo kilele cha matarajio ni moli 40, yaani gramu 40 × 46 = 1840. Ukitaka kuhakiki, hesabu kaboni: moli 10 za sukari zina moli 120 za kaboni, 80 zimo katika ethanoli na 40 zimo katika gesi. Mavuno ni 1380 ÷ 1840 × 100 = 75%. Kwa gesi, wengi watachukua moli 40 na kuandika lita 960, lakini hizo ni za uchachukaji uliokamilika. Ethanoli iliyopatikana ni moli 1380 ÷ 46 = 30, na kama hakuna iliyopotea wakati wa kuikusanya, kila moli yake ilitoka pamoja na moli moja ya kaboni dayoksaidi, hivyo gesi ni moli 30, ambazo ni lita 720.